Tulipoacha Kusomeana

Jumatatu, 5 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo asubuhi, na bosi wetu akachagua siku hiyohiyo kutugawia madaftari. Tunamwita Mkasi kwa sababu hajawahi kumwacha mtu amalize sentensi. Amesema kila badiliko tutakalofanya kwenye kompyuta za hospitali msimu huu liandikwe kwa mkono: tarehe, saa, nani. Nikaanza kumwuliza kwa nini kwa mkono wakati sisi ni watu wa komp...

"Kwa sababu nimesema," akanikata.

Basi daftari ninalo. Mbele nitaandika ya kazi kama alivyotaka. Hapa nyuma nimeligeuza juu chini, na ninaandika ya kwangu.

Kazi yenyewe ni hii. Tunatunza programu za hospitali tisa. Ndani ya kila kompyuta kuna programu ndogo zinazofanya kazi kimyakimya bila mtu kuzifungua, nasi tunaziita huduma. Moja hubeba majibu ya vipimo kutoka maabara kwenda wodini, nyingine huchapa vibandiko vya chupa za damu, nyingine hunakili kumbukumbu zisipotee. Shida ni majina. Kompyuta za mapokezi na maabara ni za Windows, na huko mwenyeji ni mume wangu. Seva za nyuma ni za Linux, na huko ndiko kwangu. Halafu kuna Mac chache kwenye vyumba vya eksirei, zilizowekwa na fundi mmoja aliyekwisha kuacha kazi. Kila mmoja alibatiza huduma alivyopenda. Yule mbeba majibu, mimi namwita majibu-maabara. Mume wangu anamwita Tarishi. Fundi wa Mac alimpa jina la timu yake ya mpira, na timu yenyewe ilishashuka daraja.

Mkasi anataka huduma moja iwe na jina moja kwenye mashine zote, kabla mvua hazijaisha. Tumehesabu, ziko arobaini na tatu.

Jumanne, 6 Machi

Mume wangu namwita Jirani. Miaka kumi na moja iliyopita meza yake iliwekwa ubavuni mwa yangu, nikamzoea kwa jina hilo, na mpaka leo namwita hivyo hata mbele ya mama yake.

Nieleze tunavyofanya kazi, maana watu wa ofisi nyingine hutucheka. Hakuna anayebadilisha jina peke yake. Mmoja anasoma kwa sauti kutoka kwenye orodha, mwenzake anaandika kwenye mashine kisha anarudia alichoandika. Tunasema tunasomeana. Kwa sababu hiyo tuna akaunti moja tu ya mabadiliko, ya wote wawili. Na kila tukimaliza jina, Jirani huuliza swali lilelile: "Na mlinzi je?"

Mlinzi ni programu inayozunguka kila dakika tano kwenye kompyuta zote ikiuliza: fulani yu hai? Ikikuta amekufa, inamwamsha na kututumia ujumbe. Ikiambiwa hapa hakuna mtu wa jina hilo, inapita kimya, kwa sababu si kila hospitali ina kila huduma. Mimi ndiye niliyeiandika hivyo, miaka sita iliyopita. Mlinzi ana orodha yake mwenyewe ya majina, kwa hiyo jina likibadilika huku lazima libadilike na kwake.

Leo tumemaliza majina manne.

Ijumaa, 9 Machi

Mvua. Majina matatu. Jirani kasoma, mimi nimeandika.

Jumanne, 13 Machi

Tumebishana kuhusu Tarishi. Jirani anataka liwe ndilo jina la mashine zote. Anasema wauguzi wamelizoea, wakipiga simu husema "Tarishi wenu kalala". Mimi nikasema jina la huduma liseme kazi yake, siyo utani. Akacheka, akasema, "Basi hata mimi ungeniita Mume, siyo Jirani." Nikasema tutaona. Ni mtu anayeng'ang'ania vitu vya zamani mpaka unachoka naye.

Nimechoka naye kwa namna nyingine pia, na hapa naweza kusema. Kusomeana ndiyo mazungumzo marefu tuliyobakiwa nayo. Ofisini tunaongea masaa. Nyumbani tunaulizana kama gesi ipo na kama mlango umefungwa. Mimba ya pili ilipotoka, miaka mitatu iliyopita, tulilia siku moja kila mtu upande wake wa kitanda, kisha tukarudi kazini. Chumba kidogo tulichokipaka rangi kwa ajili ya mtoto tunakiwekea pasi na masanduku.

Jumamosi, 17 Machi

Wifi yangu alikuja mchana, kaloa chapachapa, na kama kawaida yake akaanza kuongea kabla hajavua viatu. Jirani alikuwa ametoka kununua balbu. Nikamwekea chai.

"Wifi, hivi nyumba hii mtampangisha nani mkihama?"

"Tukihama kwenda wapi?"

Akaweka kikombe chini. "Mungu wangu. Kaka hajakwambia?"

Ndivyo nilivyojua kwamba mume wangu alifanya usaili wiki mbili zilizopita, kwenye hospitali ya mji mwingine, ukubwa wa kitengo cha kompyuta, na kwamba wamemkubali. Wifi alijaribu kuyarudisha maneno kinywani, lakini yalishatoka. Aliaga mapema na chai yake hakuimaliza.

Jirani aliporudi hakupata hata nafasi ya kuweka balbu mezani.

"Ulitaka niambiwe na dada yako?"

"Nilitaka nikwambie mimi. Kila siku nilikuwa nataka."

"Siku hizo zote ulikosa dakika tano?"

"Na wewe ukiwa nyumbani, dakika zangu ni ngapi?" Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Niliomba kazi ile kwa ajili yetu. Nilifikiri tukitoka hapa tutaanza upya. Nyumba hii ina chumba ambacho tunaingia kuchukua pasi tu."

Nikamwambia kama anataka kwenda, aende, mimi sikumfunga kamba. Nilisema na mengine. Nilimwambia kwamba hata kukimbia amekimbia kimyakimya kama mwizi. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, mfuko wa balbu magotini, akanitazama mpaka nikamaliza.

Jumapili, 18 Machi

Hatusemezani.

Jumatatu, 19 Machi

Hatusemezani. Kazini tumeandika ripoti, kila mtu yake. Hakuna jina lililobadilishwa. Mkasi kauliza tunaumwa nini.

Jumatano, 21 Machi

Mvua imevunja bomba la ofisi. Jirani kaniwekea mwavuli kwenye kiti changu, nikauacha palepale nikarudi nyumbani nimelowa. Najua ni utoto.

Alhamisi, 22 Machi

Mkasi anataka idadi ya majina kesho. Jina lililofuata kwenye orodha lilikuwa la mbeba majibu. Jirani alikuwa ametumwa kutengeneza printa kwenye hospitali ya mbali, angerudi saa nane. Ilikuwa saa nne.

Nimembadilisha peke yangu. Nilisoma mwenyewe kwa sauti ndogo, nikaandika, nikajirudia mwenyewe. Hospitali zote tisa, Windows, Linux na Mac, Tarishi nimemfuta kila mahali na kuweka majibu-maabara. Ilinichukua saa moja na nusu na sikukosea herufi. Kwenye daftari la mbele, safu ya "nani", nikaandika tunavyoandika siku zote: sisi.

Nitasema ukweli maana hapa hakuna anayesoma. Nilipolifuta lile jina nilijisikia vizuri.

Ijumaa, 23 Machi

Idadi imepelekwa. Mkasi kaniambia safi. Jirani hakuwepo kikaoni.

Jumamosi, 24 Machi

Usiku umeme ulikatikakatika kwa mvua, mji mzima. Asubuhi nilifua mapazia ilimradi nifue, ingawa jua lenyewe hakuna. Jirani alikuwa sebuleni anasoma gazeti la juzi. Zamu ya simu ilikuwa yake.

Simu iliita saa nane kasoro dakika ishirini. Nilimsikia akisema, "Ndiyo, Sista," kisha akasema, "Tangu asubuhi?" Nikatoka na mikono yenye povu.

Alikuwa Sista Mkuu wa wodi ya wanaume, kwenye hospitali kubwa. Alikuwa anapiga kelele kiasi kwamba nilimsikia nikiwa mlangoni. Alisema tangu saa moja asubuhi hakuna jibu hata moja lililofika wodini. Walidhani maabara wamechelewa. Maabara nao waliona kwenye skrini yao neno "imetumwa", wakajua wamemaliza. Saa saba mgonjwa mmoja, mwalimu wa hesabu mwenye maradhi ya sukari na figo, alianza kupoteza fahamu. Muuguzi akakimbia maabara kwa miguu, akakuta karatasi yake ipo pale tangu saa mbili na dakika tano. Potasiamu kwenye damu imepanda mno, moyo unaanza kukosea mapigo. Wamempeleka chumba cha wagonjwa mahututi.

Jirani alifungua kompyuta yake mezani, akaniita bila kunitazama. "Njoo."

Nikasimama nyuma yake. Kompyuta ya maabara ilijizima na kujiwasha alfajiri kwa sababu ya umeme, na mbeba majibu hakuamka nayo. Hilo hutokea, ndiyo maana tuna mlinzi. Akafungua kumbukumbu za mlinzi. Kila dakika tano, tangu Alhamisi, mlinzi alikuwa ameuliza: Tarishi yu hai? Na kila dakika tano akajibiwa: hapa hakuna Tarishi. Akapita.

Jirani akavuta kibodi. Alimwamsha mbeba majibu kwa mkono, akarekebisha orodha ya mlinzi, akampigia Sista kumwambia majibu yanakuja sasa hivi. Dakika nne tu. Kisha akageuza shingo akaniangalia, na mimi nikasema, "Tulikubaliana jina moja."

"Tulikubaliana," akasema.

Alichukua koti akaenda hospitali. Mimi nilirudi kwenye mapazia. Niliyasuuza maji matatu. Mtu hapumui sawasawa, na mimi nasuuza mapazia. Sikuweza kufikiria kitu kingine cha kufanya.

Jumapili, 25 Machi

Mwalimu yuko hai. Bado hajazungumza.

Jumatatu, 26 Machi

Kikao kilikuwa saa tatu, chumba cha juu ambako dari linavuja na kuna ndoo katikati. Walikuwepo Mkasi, Sista Mkuu, Jirani na mimi. Sista alieleza yote tena, safari hii taratibu, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. Alisema mke wa Mwalimu analala kwenye benchi la ukumbini tangu juzi.

Mkasi akalifungua daftari langu upande wa mbele. Nilikuwa naomba asiligeuze.

"Alhamisi, saa nne asubuhi. Nani: sisi." Akainua macho. "Sisi ni nani? Kwa sababu yeye saa nne alikuwa njiani kwenda kutengeneza printa, au nimesahau?"

Nilifungua kinywa. Naapa nilikifungua. Nilivuta pumzi mara moja, nikavuta ya pili, na kwenye ile ya pili Jirani akasema:

"Ni mimi. Printa niliichelewesha. Nilibadilisha peke yangu kabla sijatoka, nikasahau mlinzi. Yeye aliniandikia tu."

Mkasi alimtazama yeye, akanitazama mimi. Kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka. Nami nikaangalia ndoo. Matone yalikuwa yanaingia moja moja na mimi nayaangalia kama mtu aliyetumwa kuyahesabu.

Tulirudi mezani kwetu. Nikafungua kompyuta yangu, naye yake. Nimejiambia: yeye ana kazi nyingine inamngoja, hapotezi lolote. Mimi sina pa kwenda. Nimeliandika ili nilione kwa maandishi, na nikilisoma naona kama lina mantiki.

Jumanne, 27 Machi

Mvua. Nimepika, tumekula.

Jumatano, 28 Machi

Mwalimu amefumbua macho. Nilifurahi mpaka nikaingia chooni kulia. Jirani alipata habari kwa Sista, ndiye aliyenieleza. Alikaa kidogo baada ya kunieleza, kama anasubiri chenji dukani. Nikamwuliza kama anataka chai zaidi.

Ijumaa, 30 Machi

Amesimamishwa mpaka barua itoke. Yuko nyumbani mchana kutwa. Nikirudi nakuta vyombo vimeoshwa na pasi imetolewa chumba kidogo.

Jumapili, 1 Aprili

Leo tumekaa pamoja barazani masaa mawili mvua ikinyesha. Mara mbili nilitaka kusema. Mara ya kwanza wifi alipiga simu. Mara ya pili hakuna aliyepiga, nilinyamaza tu.

Jumatano, 4 Aprili

Barua imetoka. Amefukuzwa.

Halafu jioni, tukiwa tunakula, kasema kwa sauti ileile ya kuomba chumvi: "Wale wa mji mwingine nao wameghairi."

"Wameghairi vipi?"

"Waliuliza kwa nini naondoka hapa. Nikawaambia nimefukuzwa na kwa nini. Sikutaka wasikie kwa mtu mwingine."

Mkono wangu ulikuwa kwenye bakuli na sikuweza kuutoa wala kuuingiza. Mantiki yangu yote ya siku ile ikaanguka hapo. Hana kazi hii, hana ile, na mimi bado nina meza yangu dirishani. Nikasema, "Pole." Ndilo neno lililotoka. Pole, kama kwa mtu aliyejikwaa.

Ijumaa, 6 Aprili

Nimerudi kutoka kazini nimemkuta amekaa kitandani na begi limefungwa. Siyo begi kubwa.

"Naenda kwa dada," akasema.

"Kwa siku ngapi?"

"Kaa kwanza."

Nikakaa. Mvua ilikuwa kubwa juu ya bati ikabidi tusogeleane kusikilizana. Ilikuwa muda mrefu hatujakaa karibu hivyo.

"Siku ile kikaoni," akasema, "niliona umefungua kinywa na neno halitoki. Nikasema ngoja nimpe nafasi avute pumzi. Nilijua utasema kabla hatujafika getini. Tukafika getini. Nikasema basi, atasema nyumbani. Nyumbani ukaniuliza kama nataka chai."

"Nilikuwa naogopa."

"Najua. Hata mimi niliogopa. Mtu alikuwa anakufa." Akakuna goti lake. "Sikukasirika kwa kosa. Kosa lingeweza kuwa langu. Hata kwa Tarishi sikukasirika, ingawa najua ulimfuta kwa hasira. Lakini nilitaka kukupa pumzi moja, na wewe ukavuta siku kumi na moja."

Nikasema nitakwenda kesho kwa Mkasi. Nikasema nitakwenda sasa hivi, nyumbani kwake, na mvua yake. Nilimshika mkono wa shati.

"Nenda," akasema. "Ni vizuri uende. Lakini usiende ili mimi nirudi."

Aliutoa mkono wangu kidole kimoja kimoja, bila ukali. Mlangoni aligeuka, nikadhani ana neno. Aliuliza mwavuli uko wapi. Nikampa. Nimempenda mtu huyu miaka kumi na moja na sijui ni lini niliacha kumwambia.

Jumatatu, 9 Aprili

Mkasi hayupo mpaka keshokutwa. Nimekaa kazini sijagusa kitu.

Jumatano, 11 Aprili

Nimesema.

Niliingia ofisini kwake nikafunga mlango, nikabaki nimesimama. Nikaanza tangu mwanzo: usaili, ugomvi, printa, saa nne, mlinzi, ndoo. Nilikuwa nangoja anikate. Ningefurahi kama angenikata. Akaniacha mpaka mwisho, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Nilijua," akasema. "Siku ileile. Mtu anayesahau mlinzi hawezi kuwa yeye. Yeye ndiye anayetuuliza mlinzi sote mpaka tunamchoka."

"Sasa kwa nini ulimfukuza?"

"Alisema ni yeye, mbele ya hospitali. Na wewe ulikuwa umekaa pale. Nilikungojea wiki nzima kabla sijasaini barua." Akavua miwani akaifuta na tai. "Nitampigia simu. Wewe utapata onyo la maandishi, na utakwenda kwa Sista ukaseme mwenyewe. Siyo kwa simu."

Nimekwenda. Sista alinisikiliza akiwa anakunja shuka. Alisema neno moja tu: "Mama." Akaendelea kukunja.

Alhamisi, 12 Aprili

Mkasi kampigia. Jirani kashukuru, kasema barua ifutwe kwenye faili yake, lakini harudi. Mkasi alisema, "Nimembembeleza kuliko nilivyombembeleza mke wangu." Nilijaribu kucheka, nikashindwa.

Ijumaa, 13 Aprili

Namba yake inaita, haipokewi.

Jumamosi, 21 Aprili

Wifi amekuja kuchukua nguo. Leo alivua viatu kwanza na hakuongea. Nilimsaidia kukunja mashati. Nilikuwa nakunja polepole makusudi, naye alijua, akaniacha.

"Wifi," akasema mwishowe, "mimi nilikuwa nakusifia. Kila mahali. Nasema kaka yangu kapata mke mwenye akili zake."

"Yuko vipi?"

"Anakula. Analala. Anatengeneza redio za majirani bure." Akafunga zipu. "Sikuchukii. Ningependa nikuchukie, ingekuwa rahisi."

Nikamwuliza kama kaka yake atarudi. Alinikumbatia kwa nguvu, na kwa namna alivyonikumbatia nikaelewa jibu. Alipoondoka niliingia chumba kidogo, nikakaa juu ya masanduku. Nilijua kila sanduku lina nini na sikutaka hata moja.

Jumatano, 2 Mei

Mvua zinapungua. Mkasi ameamua kusomeana nami yeye mwenyewe, mpaka orodha iishe. Anasoma vibaya. Anajikatiza.

Jumatano, 9 Mei

Leo nimemwomba Mkasi turudie jina la mbeba majibu. Liwe Tarishi kwenye mashine zote.

"Tarishi? Jina gani hilo?"

"Ndilo wauguzi wanalojua."

Akanitazama, akasoma. Nikaandika, nikarudia. Hospitali zote tisa. Kisha nikauliza mimi, "Na mlinzi je?" na ikabidi nitoke kidogo nje, nikasimama penye matone ya bati mpaka nikaweza kurudi.

Jumatano, 16 Mei

Ujumbe wa wifi: kaka kapata kibarua mbali, kasafiri jana. Kabadilisha namba. Ameomba nisiambiwe ni wapi, na wifi anasema atamtii. Nimeujibu ujumbe kwa neno "sawa" na nimelitazama neno hilo mchana kutwa.

Jumanne, 22 Mei

Huduma ya arobaini na tatu. Tumemaliza. Jina moja, mashine zote. Mkasi kaleta soda.

Jumatano, 23 Mei

Jua. Ardhi imekauka mpaka vumbi limerudi.

Mwalimu wa hesabu huja kliniki kila Jumatano. Sista aliniambia, nami nimeahirisha Jumatano tatu. Leo nimekwenda. Alikuwa kwenye benchi la ukumbini, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, anasahihisha madaftari ya wanafunzi magotini. Nikamsalimu, nikakaa, nikamwambia natoka kampuni ya kompyuta.

"Aa," akasema, na kalamu yake ikasimama. "Basi unamjua yule bwana. Alikuja wodini, nilikuwa bado na mipira puani. Akasimama miguuni pa kitanda akasema yeye ndiye aliyesababisha."

Sikujua. Sikuwa najua kabisa.

"Nilimtukana," Mwalimu akaendelea. "Mtu mzima na akili zangu. Nilimtukana matusi ambayo mwanafunzi wangu akiyasema namfukuza darasani. Mke wangu alinishika mdomo. Na yeye alisimama tu, akasikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akaomba kitu kimoja. Kasema tusimlaumu mkewe, wanafanya kazi pamoja, na mkewe ndiye aliyegundua. Kwamba bila mkewe ningekuwa nimekufa." Akanigeukia. "Huyo mama nilitaka sana nimshukuru. Ni wewe?"

"Ni mimi mkewe," nikasema. "Lakini sikugundua chochote, Mwalimu. Ni mimi niliyebadilisha. Yeye hakugusa kitu. Alijitwika, nami nikamwacha ajitwike."

Kwenye daftari lililokuwa wazi, kalamu nyekundu ilikuwa imeacha doa, naye akalifuta kwa kidole likaenea.

"Kwa hiyo yale yote niliyomwambia..."

"Yalikuwa yangu."

Nilikuwa tayari anitukane. Nilikuja kwa ajili hiyo, nikiri ukweli. Lakini alikuwa anafunga madaftari yake, moja juu ya jingine, na nilipomtazama usoni nikaona analia.

"Lazima nimwombe radhi," akasema. "Leo hii. Nipeleke. Yuko wapi?"

"Sijui."

"Mumeo, na hujui?"

"Sijui, Mwalimu."

Sista alitokea mlangoni akamwita, zamu yake ilikuwa imefika. Aliinuka kwa kushika ukuta, akanipa mkono. "Ukimpata," akasema, "mwambie nilikosea. Mwambie mapema."

Nikamwambia nitamwambia.